Michael Faraday, Mwanagenzi wa Mjalidi

Upande wa kusini wa mto Thames, karibu na mji wa London, palikuwa na mahali paitwapo Newington, na hapo ndipo alipozaliwa Michael Faraday siku ya 22 Septemba 1791. Baba yake, James Faraday, alikuwa mhunzi. Alitoka pande za milimani, kaskazini ya Uingereza, akaja kutafuta riziki, lakini riziki haikumfuata, kwa kuwa alishikwa na maradhi mara kwa mara, hata siku nyingine hakuweza kuinua nyundo. Mtu aishiye kwa mikono yake, mikono ikilala, na chungu nacho hulala. Katika mwaka 1801 bei ya nafaka ilipanda mno nchini, na mtoto Michael alikuwa akipewa mkate mmoja tu, akaambiwa ajue mwenyewe namna ya kuugawa hata umtoshe wiki nzima.

Shuleni hakukaa sana. Alijifunza kusoma, kuandika na hesabu ndogo, basi. Saa zake nyingine alizitumia nyumbani na njiani, pamoja na watoto wenziwe. Alipofika umri wa miaka 13, katika mwaka 1804, ilimpasa kutafuta kazi, akaenda kwa Bwana George Riebau, muuza vitabu na mjalidi, aliyekuwa na duka katika njia iitwayo Blandford Street. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka magazeti. Siku zile gazeti lilikuwa na bei kubwa, na watu wengi walilikodi kwa saa chache tu. Kwa hiyo yule kijana alilipeleka katika nyumba ya kwanza, akarudi kulichukua, akalipeleka ya pili, na hivyo hivyo hata jioni. Baada ya mwaka mmoja Bwana Riebau alimwandika kuwa mwanagenzi wake kwa muda wa miaka 7. Desturi ilikuwa baba wa mwanagenzi amlipe fundi fedha za kumfundisha mwanawe, lakini Bwana Riebau hakutaka hata senti moja, kwa sababu ya uaminifu aliouona katika ile kazi ya magazeti.

Kazi ya kujalidi vitabu si kazi ya mchezo. Karatasi zilizopigwa chapa hukunjwa, hupangwa sawasawa, hushonwa kwa uzi, hupigwa gundi mgongoni, hukatwa kingo zake, kisha huvikwa jalada la ngozi, na mwisho hutiwa jina kwa herufi za dhahabu. Mkono ukitetemeka kidogo tu, kitabu chaharibika. Faraday aliijua kazi hii vizuri. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo wanagenzi wengi hawakuwa nayo: vitabu alivyoletewa kuvishona alivisoma ndani. Bwana Riebau hakumkataza, naye yastahili akumbukwe kwa jambo hili, maana mabwana wengi wangalimpiga kwa kupoteza wakati.

Siku moja aliletewa juzuu moja ya kitabu kikubwa cha maarifa kiitwacho Encyclopaedia Britannica, akakuta humo habari za umeme. Wakati huo umeme ulikuwa kitu cha kushangaza watu tu. Haukuwasha taa wala haukuendesha gari. Kisha akasoma kitabu cha mama mmoja aitwaye Jane Marcet, kilichoeleza elimu ya kemia kwa maneno rahisi. Faraday hakukubali kuamini tu kwa kuwa imeandikwa. Kila wiki aliweka akiba ya senti chache, akanunua chupa na vitu vidogo vidogo, akafanya majaribio yale yale yaliyoandikwa kitabuni ili aone kama ni kweli. Akakuta ni kweli. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mtu mashuhuri, alimheshimu yule mama kama mwalimu wake wa kwanza, na maandiko yake mwenyewe akawa akimpelekea.

Nyumbani kwa Bwana Riebau alikaa mchoraji mmoja, jina lake Masquerier. Faraday alitaka kujua kuchora, apate kuchora vyombo vya majaribio kama vilivyo, lakini hakuwa na fedha za kumlipa mwalimu. Basi akawa akimfagilia chumba na kumpigia viatu dawa, na yule mchoraji akamfundisha. Tena alisikia ya kuwa Bwana Tatum anafundisha habari za maumbile jioni nyumbani kwake, na kila siku ya mafundisho ilikuwa na kiingilio cha shilingi moja. Shilingi ile hakuwa nayo. Ndugu yake mkubwa, Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao, akaitoa mfukoni mwake, si mara moja bali mara nyingi. Katika mwaka 1810 baba yao alifariki, na mama yao akabaki akiendesha nyumba kwa kupangisha vyumba. Hata hivyo Robert hakuacha kutoa.

Kila alichosikia kwa Bwana Tatum, Faraday alikiandika, akakichora, akakijalidi kwa mikono yake. Mteja mmoja wa duka, Bwana Dance, akaviona vitabu hivyo, akastaajabu, akampa yule kijana tikiti za kwenda kumsikiliza Sir Humphry Davy.

Ni lazima kueleza Davy alikuwa nani. Katika London palikuwa na nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution, iliyoanzishwa mwaka 1799, nayo ina ukumbi wenye viti vilivyopandana kama ngazi. Humo Davy alifundisha kemia mbele ya mabwana na mabibi wa mji, na siku za mafundisho yake njia ilijaa magari ya farasi. Yeye mwenyewe hakuwa mwana wa tajiri, wala hakusoma chuo kikuu. Alianza kwa uanagenzi kwa mganga katika pande za Cornwall. Ndiye aliyegundua madini ya sodiamu na potasiamu katika mwaka 1807. Basi katika mwaka 1812 Faraday alikwenda mara 4, akaketi juu, mahali palipo na saa ya ukutani, akaandika. Alipofika nyumbani aliandika tena kwa unadhifu, akatia picha, akapata kitabu cha zaidi ya kurasa 300, akakijalidi.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule miaka yake 7 ya uanagenzi ilitimia. Sasa alikuwa fundi kamili wa kulipwa ujira, akaenda kufanya kazi kwa Mfaransa mmoja, Bwana De La Roche. Huyu alikuwa mtu mwepesi wa hasira, lakini alimpenda Faraday kwa ufundi wake. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, alimwambia ya kuwa akikaa naye, duka lote na mali yote itakuwa yake siku atakapokufa.

Hapa yafaa msomaji atue kidogo. Kijana wa miaka 21, mwana wa mhunzi aliyekufa, ana mama mjane, na leo aahidiwa duka. Ndugu zake wangalimwambia nini? Na upande wa pili kulikuwa na nini? Hapakuwa na kitu. Alikuwa amekwisha kumwandikia Sir Joseph Banks, rais wa chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society, akiomba kazi yo yote ya elimu, hata iwe duni namna gani. Akaenda mlangoni kuulizia jibu, akaambiwa na bawabu kwamba barua yake haikuwa na jibu. Pasipo chuo kikuu, pasipo jamaa mkubwa, pasipo fedha, mlango ulikuwa umefungwa. Na ile kazi ya kujalidi haikuwa kazi mbaya. Ilikuwa kazi ya heshima yenye kulisha watu. Ila moyo wake haukuwamo.

Mwezi wa Desemba alimwandikia Davy, na pamoja na barua akapeleka kile kitabu. Davy akakisoma, akaona kwamba mambo aliyoyasema kwa kinywa yameandikwa bila kukosewa, akamjibu upesi, akamwita mwanzo wa mwaka 1813. Lakini alipomwona hakumpa kazi, kwa kuwa hapakuwa na nafasi. Tena akamshauri asiache ufundi wake. Alimwambia kwamba elimu ni bibi mkali, amtumikishaye mtu sana na kumlipa kidogo, na kwamba kazi za kujalidi za Royal Institution atampa yeye. Faraday akasema kwamba watu wa elimu yaonekana wana moyo mwema kupita wafanya biashara; Davy akatabasamu, akajibu kwamba jambo hilo atamwachia aligundue mwenyewe baada ya miaka michache. Kijana akarudi kwenye gundi na ngozi zake.

Wiki chache zikapita. Usiku mmoja, Faraday akiwa chumbani mwake anavua nguo ili alale, gari la farasi likasimama mlangoni kwa kishindo, mtumishi akashuka, akagonga, akaacha barua. Ilitoka kwa Davy. Msaidizi wa chumba cha majaribio alikuwa amepigana na fundi wa vyombo katika ile nyumba ya elimu, akafukuzwa. Nafasi ikawa wazi. Asubuhi Faraday alikwenda, na siku ya 1 Machi 1813 akaandikwa kazi: shilingi 25 kwa wiki, vyumba viwili juu ya nyumba karibu na paa, makaa ya kuota moto, na mishumaa. Duka la Bwana De La Roche akaliacha.

Kazi yenyewe mwanzo ilikuwa kuosha chupa, kufuta meza, kuwasha moto, na kuchukua vyombo ukumbini wakati wa mafundisho. Haikukosa hatari. Davy alikuwa akichunguza dawa moja yenye kulipuka, ambayo ilikuwa imemwumiza macho hata kabla Faraday hajaajiriwa. Siku moja Faraday alikuwa ameshika kichupa chake kwa vidole viwili, kikapasuka ghafula, kikampasua mkono na kumng'oa sehemu ya ukucha. Akafunga kidonda, akaendelea.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1813 Davy na mkewe walisafiri kwenda Ufaransa na Italia, na Faraday akafuatana nao kama msaidizi. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, lakini Napoleon alimpa Davy ruhusa ya kupita kwa ajili ya elimu yake. Katika siku za mwisho mtumishi wa Davy, aliyezoea kumsaidia nguo na mizigo, alikataa kwenda. Davy akamwomba Faraday afanye na kazi hiyo mpaka wafike Paris, ambako atapatikana mwingine. Huyo mwingine hakupatikana kamwe. Lady Davy alikuwa mwanamke wa kiburi, akamfanya Faraday mtumishi wa nyumbani, akimtuma huku na huku na kumkemea. Ikafika hata kijana akaandika kwa rafiki yake kwamba angependa kurudi kwao, kwenye vitabu alivyoviacha. Uchungu huu ulitaka kuvunja kila kitu. Lakini katika safari ile ile alionana na Ampère mjini Paris, na mzee Volta mjini Milan, yule aliyetengeneza betri ya kwanza. Tena mjini Florence aliona kwa macho yake almasi ikiwekwa chini ya lenzi kubwa, mwangaza wa jua ukakusanywa juu yake, almasi ikaungua yote, ikawa hewa ile ile itokayo katika makaa yawakayo. Hivyo ikajulikana kwamba almasi na makaa ni kitu kimoja kwa asili yake. Chuo kikuu gani kingalimfundisha zaidi? Akavumilia, wakarudi London mwezi wa Aprili mwaka 1815.

Miaka iliyofuata Faraday alifanya kazi kimya. Jioni alikutana na vijana wenzake, makarani na mafundi, wakafundishana. Alilipa mwalimu wa kusema, kwa kuwa alijua ya kwamba lugha yake ni ya watu wa mitaani na itamzuia mbele ya watu. Katika mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard, binti wa fundi wa fedha, waliyesali naye katika kanisa moja, akamleta kukaa naye katika vile vyumba vya juu. Hawakujaliwa mtoto.

Mwaka mmoja kabla ya arusi hiyo, Ørsted wa Copenhagen alikuwa ameona kwamba waya wenye umeme ukipita karibu na dira, sindano ya dira hugeuka. Wataalamu wote wa Ulaya wakatafuta maana yake. Mwezi wa Septemba mwaka 1821 Faraday alitia zebaki katika kikombe, akasimamisha sumaku katikati, akaning'iniza waya juu yake hata ncha ikagusa zebaki, kisha akapitisha umeme. Waya ukaanza kuizunguka sumaku, ukazunguka, haukuacha. Shemeji yake mdogo, George, alikuwapo. Wakaicheza ile meza pande zote kwa furaha, na jioni wakaenda kutazama farasi wa sarakasi. Mashine zote zinazozungushwa kwa umeme leo ni wajukuu wa kile kikombe.

Furaha haikudumu. Faraday aliharakisha kupiga chapa habari hizo, asimtaje Bwana Wollaston, mtaalamu mkubwa aliyekuwa akifikiri jambo la jirani na hilo, na watu wakanong'ona kwamba mjalidi ameiba fikira za mkubwa wake. Wollaston mwenyewe hakuwa na kinyongo naye, lakini uvumi ni kama moshi, hupenya po pote. Jina la Faraday lilipopelekwa lichaguliwe katika Royal Society, Davy, ambaye sasa ndiye rais wa chama, alimtaka aliondoe. Faraday akajibu kwamba hakuliweka yeye, hivyo hawezi kuliondoa. Siku ya 8 Januari 1824 kura zikapigwa: alichaguliwa, kura moja tu ikampinga. Ni jambo la huzuni kumwona mtu aliyemfungulia mwenzake mlango akijaribu kuufunga tena. Hata hivyo Faraday hakupata kumsema Davy vibaya. Alikumbuka lile gari la farasi la usiku.

Sasa ifuatayo ndiyo kazi iliyomfanya ajulikane mahali pote. Ikiwa umeme waweza kufanya nguvu ya sumaku, je, sumaku haiwezi kufanya umeme? Swali hili alikaa nalo miaka 10. Alijaribu, akashindwa, akaliweka, akarudi tena. Mwezi wa Agosti mwaka 1831 alichukua pete ya chuma, upana wake kama shubiri moja ndogo, akazungusha waya wa shaba upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili. Siku zile madukani hapakuwa na waya uliofunikwa kama wetu wa leo; ilimbidi atenge kila mzingo kwa kitambaa na uzi, na mtu akiitazama pete ile, ambayo bado imehifadhiwa, aona mkono wa mjalidi. Siku ya 29 Agosti aliunga waya mmoja na betri. Sindano iliyokuwa karibu na waya wa pili ikaruka, ikatulia. Alipotoa betri ikaruka tena upande wa pili, ikatulia. Umeme ukipita tu, bila kubadilika, hapakuwa na kitu. Hapo ndipo alipoelewa kosa la wote waliotangulia: walikuwa wakitazama wakati mambo yametulia, na siri ilikuwa katika kubadilika. Siku ya 17 Oktoba aliingiza sumaku upesi ndani ya mzingo wa waya, na umeme ukaja. Akaitoa upesi, ukaja tena. Siku ya 28 akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha mbili za sumaku kubwa, umeme ukatoka mfululizo maadamu sahani yazunguka.

Mwanafunzi aliyepanda baiskeli yenye dainamo amefanya jaribio lile lile la mwaka 1831: gurudumu huzungusha sumaku karibu na mzingo wa waya, na taa ikawaka, akisimama, taa ikazima. Na mitambo ya Jinja, iliyofunguliwa mwaka 1954 hapo mto Nile utokapo katika ziwa Victoria, haina siri nyingine. Maji huzungusha, na sumaku na waya hutenda kazi yake.

Watu wakaanza kumjia na fedha. Wenye viwanda walitaka awapimie dawa na madini, na katika mwaka 1830 peke yake alipata kwa kazi za namna hiyo zaidi ya pauni 1,000, ambapo mshahara wake katika Royal Institution ulikuwa pauni 100 pamoja na nyumba, makaa na mishumaa. Alipoona kwamba fedha zinakula saa za kutafuta maarifa, kazi hizo akaziacha, moja baada ya moja. Kabla ya hapo, mwaka 1827, chuo kikuu kipya cha London kilimtaka awe profesa wa kemia, akakataa kwa kuwa hakutaka kuiacha nyumba iliyomlea. Baadaye Royal Society ilimwomba awe rais, akakataa. Akakataa na cheo cha kuitwa Sir, akasema atabaki Michael Faraday tu mpaka mwisho. Hakukataa kila kitu, maana aliona haya zaidi kujifanya mtakatifu kuliko kuwa maskini: posho ya serikali ya pauni 300 kwa mwaka aliipokea katika mwaka 1835, na chuo cha Oxford kilipompa shahada ya heshima mwaka 1832 aliivaa joho yake. Katika mwaka 1836 akawa mshauri wa wenye kutunza minara ya taa za meli, akaenda pwani wakati wa baridi kali kutazama taa. Alipata namna ya kuondoa moshi wa taa usitie giza vioo. Haki ya kuuza chombo hicho alimpa ndugu yake Robert, yule aliyetoa shilingi za Bwana Tatum.

Lakini yasidhaniwe kwamba kukosa chuo kikuu hakukumdhuru. Hisabati za juu hakuzijua, wala hakuweza kusoma vitabu vya Ampère na kuvifuata. Alipotaka majina mapya ya mambo aliyoyagundua, hakujua Kiyunani, akamwandikia Bwana Whewell wa chuo cha Cambridge, na kwa mashauri yao wawili yakatoka maneno anodi, kathodi na ioni, yanayotumika hata leo. Yeye alifikiri kwa macho na mikono. Alimwaga unga wa chuma juu ya karatasi iliyowekwa juu ya sumaku, akaona unga ukijipanga katika mistari, akasema mistari ile ni nguvu yenyewe ilivyoenea mahali pote. Wenye hisabati wengi walicheka. Hata akatokea kijana James Clerk Maxwell, mwenye elimu ya Edinburgh na Cambridge, akaisoma mistari ile, akaigeuza kuwa hesabu. Faraday, sasa mzee wa miaka 66, alimwandikia akimwomba kwa upole ayaeleze hayo kwa maneno ya kawaida pia, ili watu kama yeye wayatumie. Kwa hesabu hizo Maxwell alionyesha kwamba hata mwangaza ni mwendo wa umeme na sumaku pamoja. Mmoja alikosa kile ambacho mwenziwe alikuwa nacho, na wala hawakuoneana haya.

Siku za Jumapili Faraday hakufanya kazi. Alisali katika kanisa dogo la Wasandemani, alilozaliwa ndani yake, watu wachache wasio na mali, waliokatazwa kujilimbikizia utajiri duniani. Hapo alikuwa mzee wa kanisa, akahubiri kwa maneno machache, akawatembelea wagonjwa na maskini katika vichochoro. Na wakati wa Krismasi alifungua ule ukumbi kwa watoto. Kuanzia mwaka 1827 alifundisha mafungu 19 ya masomo hayo. Mara ya mwisho, katika Krismasi ya mwaka 1860, alikuja na mshumaa mmoja, akawaonyesha jinsi nta inavyoyeyuka na kupanda utambini, jinsi mvuke wake unavyowaka, kwamba maji hutokea katika moto, na kwamba pumzi ya mtu na mwali wa mshumaa ni ndugu. Kitabu cha masomo hayo husomwa mpaka leo.

Akili yake ilianza kuchoka mapema. Toka miaka 48 hivi alikuwa akisahau na kupata kizunguzungu, hata ikamlazimu kupumzika kwa muda mrefu, kisha akarudi na kufanya mambo makubwa tena. Kwa sababu hiyo aliandika kila jaribio siku ile ile alipolifanya, akatia namba kila fungu, akazijalidi karatasi zake mwenyewe; mafungu hayo yalizidi 16,000, na mengi ni habari za majaribio yaliyoshindwa.

Katika mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa bure huko Hampton Court, na hapo Faraday na Sarah wakaishi uzeeni. Alifariki siku ya 25 Agosti 1867, ameketi katika kiti chake. Alikuwa ameagiza mazishi yasiyo na fahari, na jiwe la namna ya kawaida kabisa. Akazikwa katika makaburi ya Highgate, na juu ya jiwe hakuna cheo wala shahada, ila jina lake, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa.